Nani mwingine anasikia redio ya kizimbani?

Swali: Habari Mhandisi. Sisi ni kikundi cha akina mama na vijana tunaofuga samaki aina ya ngege kwenye vizimba ziwani, upande wa Usenge, Siaya. Fundi kutoka Kisumu alitufungia sensa za oksijeni na joto la maji, pamoja na swichi inayotoa taarifa mlango wa kibanda cha mlinzi unapofunguliwa. Taarifa zinaruka kwa redio ndogo za masafa marefu ziitwazo LoRa hadi paa la stoo yetu ufuoni, kama mita 800, halafu zinaingia mtandaoni na kutufikia kwenye simu. Juzi kizimba kimoja kilivuliwa usiku, muda mfupi tu baada ya mlinzi kutoka. Tunashuku kuna mtu anasikiliza redio zetu. Fundi anasema haiwezekani kwa sababu redio ina nenosiri lake ndani, na kwamba siku hizi mawimbi yenyewe yanaweza kulindwa bila usimbaji (kuugeuza ujumbe usomeke kwa mwenye ufunguo tu), ambao ati utatumalizia betri. Anatuambia ukweli? (Mweka hazina wa kikundi)

Jibu: Dada mweka hazina, poleni kwa hasara. Mtu aliye kwenye boti anaweza kabisa kuzisikia taarifa zenu, na wala hahitaji mtambo wa serikali. Moduli ya LoRa kama hizo mlizonunua, kompyuta ndogo na subira vinamtosha. Kama ndivyo mwizi wenu alivyofanya, hilo waachieni polisi. Mara nyingi mlinzi husomwa kwa macho tu, au ana rafiki mwenye mdomo mwepesi. Lakini mlango huo wa redio uko wazi, na inafaa kuufunga.

Hilo la nenosiri nalimaliza haraka. Kwenye chipu za LoRa kuna baiti moja ya ulinganishi, ambayo humsaidia kipokezi kupuuza redio za mtandao mwingine. Kwa kawaida huwekwa 0x12 kwa mitandao ya binafsi na 0x34 kwa LoRaWAN, mfumo wa mtandao wa LoRa wenye usimbaji ndani yake. Baiti moja ina thamani 256 tu, na hata hazifichi chochote: ujumbe wenyewe unapita angani wazi, "oksijeni 5.8, mlango 1". Mafundi wengi hununua moduli, hupakia programu ya mfano iliyokuja nayo, zikisikizana wanakunja vifaa na kudai pesa. Redio mbili kusikizana ndiyo kwanza kazi imeanza.

Lile la pili, la kulinda mawimbi yenyewe, si porojo. Lina historia ndefu na hesabu safi, ila fundi amelishika mkia.

Mwaka 1949 Claude Shannon alionyesha kwamba siri kamili, isiyovunjika hata kwa kompyuta yenye nguvu zisizo na kikomo, inahitaji ufunguo mrefu sawa na ujumbe wenyewe. Hesabu yake ilichukulia kwamba mdukizi anapata nakala ile ile anayopata mwenye ujumbe. Mwaka 1975 Aaron Wyner wa Bell Labs aliuliza swali jingine: je, mdukizi akisikia vibaya kuliko mlengwa? Akathibitisha kwamba hapo ujumbe unaweza kupangwa kwa namna ambayo mlengwa anaupata wote na mdukizi habaki na kitu, bila ufunguo wowote. Mwaka 1978 Imre Csiszár na János Körner waliipanua hoja hiyo, na mwaka huo huo Leung-Yan-Cheong na Martin Hellman wakaipigia hesabu kwa redio yenye kelele za kawaida. Hellman ni huyo huyo ambaye mwaka 1976, pamoja na Whitfield Diffie, alichapisha wazo la funguo za umma ambalo leo linalinda benki na simu zetu.

Jibu lao linaandikika kwenye kiganja. Chukua kiasi cha taarifa ambacho mlengwa anaweza kupokea, toa kiasi ambacho mdukizi anaweza kupokea. Kinachobaki ndicho unachoweza kupitisha kwa siri. Tuseme kipokezi cha stoo kinapata ishara yenye nguvu mara 100 kuliko kelele, na boti inapata mara 10. Stoo ina uwezo wa biti 6.7 hivi kwa kila mpigo, boti 3.5, siri inayopitika ni biti 3.2. Geuza mambo, boti ipate mara 1,000 na stoo ibaki na 100. Sasa boti ina biti karibu 10, tofauti inashuka chini ya sifuri, na siri inayopitika ni sifuri. Hapo hakuna ufundi wa kupanga ujumbe utakaokuokoa.

Ninyi mko upande gani? Stoo iko mita 800. Boti ya mtu anayejifanya kuangalia nyavu inaweza kukaa mita 50 kutoka kizimbani na hakuna atakayeuliza. Mita 800 ni mara 16 ya 50. Angani penye nafasi wazi, kila umbali unapozidishwa mara mbili ishara hupungua desibeli 6, yaani hubaki robo. Kutoka 50 hadi 800 ni kuzidisha mara mbili mara nne, desibeli 24: boti inasikia ishara yenye nguvu mara 250 kuliko stoo yenu. Juu ya maji tambarare, antena zote zikiwa chini, pengo ni baya zaidi, kwa sababu wimbi linalodunda juu ya maji linakutana na lile la moja kwa moja na kuliua. Kuanzia umbali fulani kila kuzidisha mara mbili hugharimu desibeli 12 badala ya 6.

Huu ndio ugonjwa wa mawasiliano ya kupanda, yaani yale yanayotoka kwenye kifaa kidogo kwenda kituoni. Yanayoshuka yana tiba nyingi. Mnara wa simu una antena kadhaa, unaweza kuelekeza nguvu kwa mtu mmoja na, kama Satashu Goel na Rohit Negi walivyoonyesha mwaka 2008, ukamwaga kelele za makusudi pande nyingine zote. Redio ya kizimbani ina antena moja, betri ndogo, na inapiga kelele pande zote kama muuza mitumba wa Kibuye, huku asiyemjua amesimama ubavuni pake.

Hata hivyo mawasiliano ya kupanda yana faida moja ambayo watu huisahau: kipokezi ni chenu. Kinakaa kwenye paa lenu, kina umeme au sola ya kutosha, na mnaweza kukifanya kikubwa mtakavyo. Kila desibeli mtakayoipata pale juu ya paa ni yenu peke yenu. Boti haipati hata moja. Mkishaipata, mnaitumia kupunguza sauti kule kizimbani. Kwa hivyo ushauri wangu wote unaanzia hapa: pesa zilizobaki kwenye kikundi ziwekeni kwenye paa la stoo, msiziweke ziwani.

Tuangalie paa lenyewe. Ukiinua antena kutoka mita 4 hadi mita 8 juu ya maji, kwa umbali wenu na utambarare wa ziwa unapata kama desibeli 6. Ukiondoa kile kijiti cha antena kilichokuja na moduli ukaweka antena ya kuelekeza yenye ongezeko la desibeli 8 badala ya 2, unapata 6 nyingine. Vizimba vyote viko upande mmoja, kwa hivyo hupotezi kitu kwa kuipa bara kisogo. Jumla 12. Halafu kuna wizi wa ndani: waya. Fundi akishusha waya mwembamba wa RG58 kutoka juu ya mlingoti hadi ndani ya stoo, kwa masafa ya 868 MHz waya huo hula karibu nusu desibeli kwa kila mita. Mita 10, umeshapoteza 5 kati ya 12 ulizonunua. Kipokezi kiwekwe ndani ya kisanduku kisichopitisha maji juu ya mlingoti, karibu na antena, na kinachoshuka chini kiwe waya wa umeme na wa mtandao.

Sasa desibeli 12 mnazitumiaje? Kuna njia mbili, na hapa ndipo hoja ya betri inapogeuka. Njia ya kwanza ni kupunguza nguvu ya redio, kutoka milliwati 25 hadi chini ya 2. Njia ya pili ni kupunguza mtawanyo, yaani jinsi ujumbe unavyorefushwa hewani ili usikike mbali. LoRa ina hatua za mtawanyo kutoka SF7 hadi SF12. SF12 inasikika hata ishara ikiwa desibeli 20 chini ya kelele. SF7 inahitaji isiwe chini ya 7.5. Tofauti ni 12.5, takriban zile zile mlizozipata paani. Kwa mdukizi njia zote mbili ni sawa: akitaka kuendelea kusikia lazima asogee karibu, mara mbili hadi mara nne kutegemea antena yake iko juu kiasi gani, na eneo analoweza kujificha linapungua mara nne hadi kumi na sita.

Kwa betri, lakini, hazifanani hata kidogo. Ujumbe wa baiti 20 kwa mfumo wa LoRaWAN ukitumwa SF12 unakaa hewani kama sekunde 1.8. Ule ule kwa SF7 unakaa kama sekunde 0.07. Kupunguza nguvu ya redio hupunguza umeme kiasi tu, kwa sababu chipu yenyewe ina chakula chake cha kudumu. Kushuka hadi SF7 kunapunguza muda wa kula mara 25. Nina hakika fundi amewaacha SF12, maana ndiyo inayofanya majaribio yafaulu siku ya kwanza bila kupanda juu ya paa. Shukeni SF7 kwanza. Kikibaki cha kupunguza, ndipo mpunguze nguvu.

Na usimbaji? LoRaWAN hutumia njia ya usimbaji iitwayo AES, yenye ufunguo wa biti 128. Kusimba ujumbe wa baiti 20 kunaichukua chipu ndogo muda mfupi sana, na kwa umeme mdogo kuliko ule wa redio. Weka kando ya sekunde 1.8 za redio kuwaka, ukaniambie ni nani anayemaliza betri. Usimbaji hauepukiki, dada. Na sababu si betri tu. Hesabu ya Wyner inadai ujue mdukizi anasikia vibaya kiasi gani, na ninyi hamjui boti iko wapi, wala kama mwenyewe amenunua antena ya kuelekeza na kurudisha desibeli 10 kwa mkupuo, wala kama amepanda kilima cha Got Ramogi ambako anaona ziwa kwa mbali. Antena ya paani inalipunguza duara la hatari. Yule anayeingia ndani ya duara anazuiwa na usimbaji.

Kuna vitu vingine viwili ambavyo fundi anaweza kuwa amevisoma mahali, navigusia ili msiuziwe mbuzi kwenye gunia. Cha kwanza ni kipokezi kinachomwaga kelele wakati kinasikiliza, kisha kinaifuta kelele hiyo kwa kuwa kinaijua. Boti inabaki na kelele tupu. Kinapendeza, na maabarani kimefanya kazi, lakini kelele yako mwenyewe ni kubwa kuliko ishara unayoitaka kwa desibeli 100 au zaidi, na kuifuta yote kunataka vifaa ambavyo moduli yenu haina. Mkijaribu kwa kifaa cha kuvuruga mawimbi cha kununua mtandaoni, mtawavuruga majirani, na Mamlaka ya Mawasiliano haiangalii nia.

Cha pili ni kutengeneza ufunguo kutokana na njia ya wimbi. Ueli Maurer ni mmoja wa walioweka msingi wake mwaka 1993. Wimbi linapotoka A kwenda B hupitia misukosuko ile ile kama linapotoka B kwenda A, kwa hivyo pande mbili zikipima ishara zinapata namba zinazofanana, na aliye mbali kidogo anapata nyingine. Palipo na vitu vingi vya kuakisi mawimbi, nusu ya urefu wa wimbi inatosha, ambayo kwa masafa yenu ni sentimita 17. Ndani ya banda la chuma la maua kule Naivasha, watu wakipita huku na huku, naweza kulitetea wazo hili. Ziwani linakwama pande zote mbili. Usiku maji yakitulia, hakuna kinachobadilika na namba zinajirudia. Ufunguo hauna kitu. Upepo wa alasiri ukija, kizimba kinapanda na kushuka. Kikienda hata nusu mita kwa sekunde, njia ya wimbi inabadilika ndani ya theluthi ya sekunde hivi, ilhali kifaa cha LoRaWAN husubiri sekunde nzima kabla ya kusikiliza jibu. Pande mbili zinapima vitu tofauti. Liacheni.

Narudi kwenye swichi ya mlango, kwa sababu hiyo ndiyo inayonisumbua zaidi katika barua yako, kuliko oksijeni na joto. Tuseme leo hii mmesimba kila kitu na funguo ziko salama. Sensa zinatuma kila dakika 15: saa nne kamili, na robo, na nusu. Saa nne na dakika 22 ujumbe unaruka ambao haumo kwenye ratiba. Mdukizi haujui umesema nini, wala hana haja. Ujumbe wa ghafla katikati ya usiku una maana moja tu: mlango umefunguliwa. Tena LoRaWAN huacha anwani ya kifaa na namba ya ujumbe wazi kila safari, kwa hivyo anajua hata ni kibanda gani. Mmemwekea mwizi kengele.

Tiba yake ni kuutia mlango ndani ya ujumbe wa kawaida. Kila dakika tano, usiku na mchana, kifaa kinatuma ujumbe wa urefu ule ule: oksijeni, joto, betri, na biti moja ya mlango. Mlango ukifunguliwa, biti inageuka na kusubiri zamu yake. Mtachelewa kujua kwa dakika tano, na kwa mlango hilo linavumilika. Oksijeni ikiporomoka, maji yakipinduka, msisubiri. Hapo ujumbe uruke papo hapo, maana mwizi hafaidi lolote kwa kujua samaki wanahema. Kwa SF12, kutuma kila dakika tano kungekausha betri. Kwa SF7, ni nafuu kuliko mnavyotuma sasa. Hiyo pia imelipwa na antena ya paani.

Kuhusu funguo, mwambieni fundi mambo haya kwa lugha isiyo na kona. Kila kifaa kiwe na ufunguo wake, uliotengenezwa kwa nasibu, si ule wa mfano uliokuja na programu na ambao ulimwengu mzima unao. Kifaa kijiunge na mtandao upya kwa njia ya OTAA. Ile njia ya mkato inayoitwa ABP huweka funguo zisizobadilika, na vifaa vingi vya bei rahisi, betri ikiisha na kubadilishwa, huanza kuhesabu ujumbe kutoka sifuri tena. Hapo ujumbe mpya unasimbwa kwa mfululizo ule ule uliosimba wa zamani, na mwenye kurekodi zote mbili anaweza kuzilinganisha na kuchomoa yaliyomo. Ziwani betri hubadilishwa mara kwa mara, kwa hivyo si jambo la nadharia.

Safari ya mwisho, kutoka stoo kwenda mtandaoni kwa laini ya simu, ina usimbaji wake kati ya modemu na mnara kwenye 4G. Hakikisheni tu modemu imefungwa isishuke 2G, ambayo ulinzi wake ulishavunjwa zamani, na kwamba programu yenu inafungua kwa anwani inayoanza na https.

Msipokee kazi kwa maneno. Kabla fundi hajagusa kitu, chukueni moduli moja ya akiba, iwekwe mipangilio ile ile ya redio, mtu aishike kwenye boti akiwa na simu au kompyuta inayoonyesha nguvu ya ishara. Mwende mita 50 kutoka kizimbani, 100, 200, 400, kisha mzunguke upande wa pili unaotazama kisiwa cha Mageta, na mtu mwingine apande kilimani. Andikeni mahali ambapo ishara inakatika na kama ujumbe unasomeka. Ni redio zenu wenyewe, hamvunji sheria; anayesikiliza za wengine bila ruhusa ndiye anayeguswa na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018. Baada ya paa, SF7 na funguo mpya, rudieni njia ile ile, hali ya ziwa ikiwa ile ile. Kwenye boti isionekane herufi inayosomeka hata mkiwa mmeshika kizimba kwa mkono, na kilimani ishara iwe imekatika, au imefifia hadi inapotea mara kwa mara. Salio la fundi lilipwe baada ya safari hiyo ya pili.